Petali Fupi ya Mchelewa

Nchi hii ipo. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu karatasi yake niliigonga muhuri mimi mwenyewe, mwaka ule ilipogundulika kwamba tangu uhuru hakuna aliyekumbuka kuigonga. Jina lake sitalitaja, maana kulitaja nje ya saa za kazi kunahitaji kibali, na mwenye kutoa vibali yuko semina.

Mimi naitwa Machano, karani wa Ofisi ya Mihuri kwa miaka ishirini na miwili. Mezani kwangu kuna mihuri mitatu. Wa kwanza unasema KIPO, wa pili HAKIPO, wa tatu KINASHUGHULIKIWA. Kwetu kitu hakiwi kitu kwa kuonekana tu. Macho hudanganya, na hata mlevi ana macho. Kitu huwa kitu kikishagongwa. Daraja la Mto Mkwemba, kwa mfano, lina muhuri wa KIPO huu mwaka wa kumi na moja. Watu wa huko huvuka kwa kuogelea, lakini hawanung'uniki, kwa sababu wanajua wanaogelea chini ya daraja lao wenyewe.

Niliipenda kazi yangu. Naliweka wazi hilo mapema, msomaji asije akanidhania mpinzani.

Nilikuwa na mke na binti. Mke wangu ni Mwalimu Mize, anafundisha sayansi Shule ya Msingi Mabondeni. Binti yetu alikuwa Zuwena. Kwa desturi ya kwetu mtu akishapata mtoto, jina lake analiacha mlangoni. Kwa hiyo yeye alikuwa Mama Zuwena, nami nilikuwa Baba Zuwena, na kwa miaka tisa hakuna aliyeniita Machano isipokuwa daftari la mahudhurio.

Zuwena alizaliwa na moyo wenye tundu. Kuna vidonge vya kumsaidia mtoto wa namna hiyo, na bohari ya dawa ya wilaya ilikuwa navyo. Nalijua hilo vizuri, maana daftari la bohari nililigonga KIPO kila mwisho wa mwezi. Kila tulipokwenda, muuguzi alitufungulia kabati tukaona rafu tupu, kisha akatufungulia daftari tukaona muhuri. Alikuwa mama mpole, asiyependa kumwaibisha mtu.

"Baba Zuwena," aliniambia siku moja kwa sauti ya chini, "huu si mkono wako huu?"

Nikamwambia ndiyo, ni wangu. Tukarudi nyumbani, mtoto mgongoni.

*

Mwaka huo kililetwa kitabu kipya cha sayansi. Ukurasa wa arobaini ulikuwa na picha ya ua ambalo, kwa mujibu wa maelezo, huchanua theluji inapoyeyuka. Walimu waliagizwa wawaonyeshe watoto ua lenyewe, kwa vitendo, na anayeshindwa ajieleze kwa maandishi. Mtu angeweza kuchuma ua lolote kwenye bustani ya shule, na bustani ilikuwepo kwa muhuri kabisa, ila juu yake palikuwa pamejengwa ukumbi wa mikutano ya chama.

"Nitatunga wangu," mke wangu akasema. "Mmea mmoja wenye kila kitu wanachotakiwa kukijua. Mizizi, shina, jani, ua kamili, mbegu. Wakiuelewa huo, watauelewa wowote watakaokutana nao."

"Mmea ambao haupo?" nikauliza, maana kazi ni kazi.

"Kwani Baba Zuwena, yule mtu wa kwenye hesabu, anayenunua machungwa sitini akawagawia jirani, umewahi kukutana naye?"

Yule mtu hata muhuri hana, na watoto wa nchi nzima wamemsoma.

Aliutunga pamoja na Zuwena, kwa kuwa mtoto alikuwa haendi tena shule. Miguu ilikuwa imevimba, na ngazi mbili za mlangoni zilimtosha kwa siku nzima. Alasiri mkeka ulitandikwa, mama akawa anauliza na mtoto anajibu. Mimi nilikuwa nikirudi kazini nawakuta hivyo, nakaa pembeni na viatu vyangu mkononi.

"Haya, unaota wapi?"

"Kwenye mawe," Zuwena akasema. "Mahali ambapo wenzake hawataki."

"Kama ni kwenye mawe, mizizi yake itakuwaje?"

Mtoto akafikiri. "Mirefu. Halafu iwe na kiazi cha kuweka maji, kwa sababu mvua haiji siku iliyosema."

"Na majani?"

"Madogo. Yana manyoya, jua lisiyakaushe."

"Unachanua lini?"

"Mwisho kabisa. Miti yote ikishamaliza, nyuki wanaanza kwenda zao, wanasema kazi imekwisha. Ndipo wanauona."

Akauita mchelewa. Ua akalichora la samawati, kwa kuwa penseli nyingine za rangi zilikuwa zimebaki vipande visivyoshikika. Alichora petali nne vizuri sana, akizungusha karatasi badala ya mkono. Ya tano aliifikisha nusu, akapumzika, akajaribu tena, akaacha.

"Hii nitaimalizia kesho," akasema, na penseli akaipachika sikioni, kama mama yake afanyavyo na chaki.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi hakuomba penseli. Ijumaa kabla ya adhuhuri akafariki, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake, na mimi nikiwa ofisini nagonga daftari la bohari ya dawa, maana ilikuwa mwisho wa mwezi.

Hapo sina mzaha wa kuweka. Nililia, na hata sasa ninapoandika haya nalia.

Siku ya kumi na moja Mama Zuwena alirudi darasani. Alichora mchelewa ubaoni kuanzia kiazi mpaka ua, na alipofika petali ya tano akaiacha pale pale mtoto alipoiachia. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona hiyo moja haijaisha?"

Mke wangu aliniambia kwamba alisimama na chaki muda mrefu, mpaka watoto wakaanza kutazamana. Kisha akasema: "Hapo ndipo nyuki hutua. Zote zingekuwa ndefu, asingepata pa kukanyaga."

Watoto wakaandika. Watoto huandika kila kitu. Walipofunga shule waliuchora mchelewa kwenye kuta za vyoo, kwenye mchanga, kwenye vumbi la magari ya serikali, na wakawafundisha wadogo zao na binamu zao wa wilaya nyingine waliokuja likizo. Wote waliacha pa kutua.

*

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Kwetu arobaini ikifika vitu vya marehemu hugawiwa. Nguo zake zilipata watoto wa kuzivaa, daftari zikapata wa kuziandikia. Ilibaki ile picha, ambayo haikuwa ya kumpa mtu. Niliitazama nikaona haina muhuri, na hakuna anayejua kuliko mimi kitu kisicho na muhuri kwetu huishia wapi. Basi asubuhi yake niliipeleka kazini ndani ya gazeti. Nikachagua muhuri wa KIPO, nikaulowesha wino vizuri, nikaugonga pembeni chini ili usiguse ua.

Halafu, kwa kuwa mimi ni karani mwaminifu, nikauandikisha kwenye Daftari Kuu la Vitu Vilivyopo: *Mchelewa. Mmea. Ua samawati, petali tano, moja fupi. Huota kwenye mawe. Aliyeuleta: Zuwena Machano.* Hakuna aliyenituma. Katika miaka ishirini na miwili, huo ndio muhuri pekee nilioupiga nikiwa na hakika.

*

Mwezi wa tatu baada ya hapo Mlezi wa Taifa alirudi kutoka ziara ya nchi jirani. Huko alipokewa kwa ua la taifa lao, akapewa alinuse. Ndani ya ndege akamgeukia Mheshimiwa Makupa, Waziri wa Mimea, Mifugo na Shukrani, akamuuliza letu liko wapi. Mheshimiwa Makupa akajibu kwamba liko njiani.

Wizara nzima ikahamia kwenye Daftari Kuu. Maua yote waliyoyakuta yalikuwa na dosari: hili lilikuwa la kabila fulani, lile lilivaliwa na upinzani kwenye maandamano, jingine mbuzi walilipenda mno. Mchelewa ulikuwa na muhuri halali, haukuwa na kabila, na hakuna mbuzi aliyewahi kuonekana nao. Ukatangazwa uwanjani mbele ya bendi mbili.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Makupa, "ua hili halikuletwa na mkoloni. Halikuletwa na wafadhili. Utafiti wa kina wa wizara yangu umethibitisha kwamba halikuletwa na mtu yeyote. Ni letu tangu hatujawa sisi. Ila tumebaini hujuma ndogo kwenye petali ya tano. Taifa hili haliwezi kuwakilishwa na upungufu. Kwa mamlaka niliyopewa, naagiza petali hiyo irefuke, na utekelezaji uanze leo."

Wakapiga makofi, nami nikapiga. Mabango yakatoka nchi nzima, petali tano sawasawa.

Wakulima waliamriwa waupande. Mkoa wa Mashariki uliripoti ekari elfu nne. Mkoa wa Magharibi, ambao haukubali kushindwa, uliripoti elfu sita, na mia tatu nyingine ndani ya ziwa. Mihogo iling'olewa ili kuupisha, mashamba yakabaki safi, yakingoja. Njaa iliyofuata ililetwa mezani kwangu na nikaigonga HAKIPO. Mlezi mwenyewe alilishukuru ua redioni kwa dakika arobaini, akisema harufu yake imemkumbusha mapambano.

Mama Zuwena alikuwa akipepeta mchele redio iliposema hayo. Akaweka ungo chini.

"Baba Zuwena, hawa wamelitoa wapi?"

Nikamweleza. Nilidhani atanigombeza, na nilikuwa tayari, maana nilistahili. Alinitazama tu.

"Ulitaka awepo," akasema.

"Nilitaka awepo."

Akanishika mkono. Baadaye kidogo akasema, "Na petali wameirefusha," na hapo ndipo alipolia.

*

Mambo yangeishia hapo, na kila mtu angeendelea na njaa yake isiyokuwepo, kama Mlezi asingetaka kunusa. Siku ya Shukrani ilikuwa inakaribia, naye akaagiza aletewe ua moja tu, bichi, kwenye kisahani.

Mheshimiwa Makupa akaigeukia mikoa. Mikoa yote ilijibu kwamba mazao yake yameliwa na wadudu siku hiyo hiyo, saa tatu asubuhi. Basi wakarudi kwenye daftari, wakafuata jina la aliyeleta, wakafika Shule ya Msingi Mabondeni. Mke wangu alichukuliwa na mikono yake ina chaki. Shitaka lilikuwa kuficha ua la taifa, na kifungo chake ni miaka kumi na miwili.

Tume iliundwa chini ya Jaji Mstaafu Songoro, mzee mwenye miwani mizito ambaye husikia akitaka. Mimi nilikaa nyuma, kwenye viti vya jamaa.

"Mmea uko wapi?" Jaji akauliza.

"Ubaoni, Mheshimiwa," mke wangu akajibu.

"Andika: ubaoni. Nani anaumwagilia?"

"Haumwagiliwi. Ni mmea wa kufundishia sehemu za ua. Tuliutunga."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mwanangu."

"Naye aletwe."

"Amefariki, Mheshimiwa."

Jaji akashusha miwani. "Alifariki kabla ya kuficha ua, au baada?"

Mke wangu hakujibu. Karani wa tume akaandika kwamba shahidi anasitasita.

Tume ilikwenda shuleni, ikaung'oa ubao, ikachimba ukuta uliokuwa nyuma yake. Upande wa pili wakawakuta wanafunzi wa darasa la tano, ambao walisimama wote kwa pamoja wakasema shikamooni. Maprofesa wawili wakaitwa kutoa maoni. Mmoja alisema mmea umetoweka duniani kwa uzembe wa mwalimu. Wa pili alisema upo, ila una haya.

Kila mtu alijua ukweli, na hakuna aliyeweza kuuandika, kwa sababu Mlezi alikwisha kulishukuru ua hilo hadharani. Mlezi hawezi kuwa amekishukuru kitu ambacho hakipo. Wala hawezi kuambiwa kwamba alidanganywa, maana hadanganyiki. Karatasi ya hilo pia niliigonga mimi.

*

Jumamosi niliruhusiwa kumpelekea uji. Alikuwa amekonda, na kikohozi kilikuwa kimemwingia kifuani. Siku kumi na tisa zilikuwa zimempita kwenye sakafu ya saruji. Alikunywa nusu, akanirudishia kikombe, akanishika kwenye kifundo cha mkono ili nisiondoke.

"Nisikilize. Wanatafuta namna ya kulifuta hili ua. Nimeshawajua, hawawezi kulifuta bila kumfuta aliyelileta. Wakikuletea karatasi yoyote yenye jina la mtoto, usigonge."

"Mama Zuwena, kifua hicho..."

"Kifua kitapona. Miaka kumi na miwili nitaimaliza. Mimi nikiwa humu nipo, nikiwa nyumbani nipo. Yeye hana pengine pa kuwa isipokuwa kwenye karatasi na kwenye midomo yetu. Nakuomba kwa Mungu, Baba Zuwena. Usigonge."

Nikamwambia sawa. Nilimwambia hivyo nikimtazama machoni.

Jumatatu mkuu wangu, Bwana Ngwali, aliniita ofisini kwake, akanimiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mbele yake palikuwa na karatasi moja.

"Wanasheria wamepata njia, Machano. Nzuri sana, haimuumizi mtu. Mtoto akiwa hakuzaliwa, picha haikuchorwa. Picha ikiwa haikuchorwa, ua halikuandikishwa. Ua likiwa halikuandikishwa, Mlezi hakulishukuru, na ile siku redio ilikuwa inapiga muziki. Sasa kama ni hivyo, mkeo anafanya nini rumande? Kesho yuko nyumbani kwake."

"Bwana, mtoto yule tulimzika. Wewe ulikuwepo. Ulishika jeneza."

"Nilishika," akasema, akaangalia chai yake. "Lilikuwa jepesi, sijasahau. Lakini mimi sina muhuri. Muhuri unao wewe."

Niliiangalia ile karatasi. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, jina lake halikukosewa hata herufi. Nilifikiria kile kikohozi. Nilifikiria kwamba tangu mke wangu achukuliwe nilikuwa bado napika wali wa watu watatu, nakumbuka ukishaiva, nakula peke yangu nikiwa nimesimama. Mmoja nilikwisha kumkosa nikiwa nagonga mihuri, na wa pili sikuweza kumkosa kwa kukataa kugonga. Wengine watasema nilikuwa mwoga, na wengine watasema nilimpenda mke wangu. Mimi mwenyewe sijui, nilikuwa nimechoka sana.

Nikagonga HAKIPO. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote.

*

Maofisa wawili walikuja nyumbani siku hiyo hiyo, wenye adabu, wakavua viatu mlangoni. Walichukua cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na ripoti za shule. Makaburini walikuwa wameshang'oa kibao, na mahali pale pakaandikishwa kuwa uwanja wazi. Chini ya kitanda wakaona ndara mbili za rangi ya njano, urefu wake kiganja changu.

"Hizi ni za nani?" mmoja akauliza.

"Zangu," nikasema.

Alizitazama zile ndara, akaitazama miguu yangu. Kisha akainama akaandika kwenye fomu yake: *Ndara, jozi moja, za mwenye nyumba.* Nilitamani kumuuliza kama naye ana watoto, lakini mwenzake alikuwa anasikiliza.

Mtaani ulipitishwa waraka. Mtu yeyote atakayetumia jina la mtu asiyekuwepo kumwitia mtu aliyepo, atashitakiwa kwa kuchafua orodha ya wananchi. Majirani ni watu wazuri na wana watoto wa kulisha. Bi Fumu wa dukani alinikaribisha, "Karibu, Baba...," akameza mate, akamalizia, "karibu, mteja."

Kesho yake alasiri mke wangu akarudi. Alipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Nilisema karibu, nikakwama hapo, maana sikuwa na jina la kumwitia. Tulisimama hivyo, yeye nje na mimi ndani, watu wawili walioishi pamoja miaka kumi na mitatu.

"Uligonga," akasema.

"Niligonga."

"Nilipoona wanafungua mlango nikajua." Akaingia, akavua kanga ya rumande, akaitundika msumarini. "Asante, Bwana Karani."

Tangu siku hiyo nikawa Bwana Karani. Bwana Karani, chakula tayari. Bwana Karani, mvua inanyesha, anua nguo. Hakunifokea hata mara moja wala hakunihama. Ningependa anifokee. Ilikwenda miezi saba.

*

Taifa nalo lilisonga mbele. Mheshimiwa Makupa akateuliwa balozi. Mabango ya mchelewa yalipakwa rangi, na badala ya ua la taifa tukapata jiwe la taifa, ambalo lina sifa ya kupatikana. Mlezi aliletewa kwenye kisahani, akalinusa, akaridhika.

Kisha ukaja mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Swali la sita la sayansi lilisema: *Chora ua kamili na utaje sehemu zake.* Wiki iliyofuata magunia manne yalishushwa mlangoni kwa ofisi yetu. Ndani yake mlikuwa na karatasi za watoto waliochora kitu kilichokwisha kufutwa. Nilitakiwa nizigonge HAKIPO, moja moja, ili wasahihishaji waweze kuweka sifuri.

Zilikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Nilizitoa nikazipanga mezani. Zilitoka wilaya ambazo mke wangu hajawahi kukanyaga, nyingine kutoka ng'ambo ya Mto Mkwemba, zimekauka zikiwa na alama za maji. Penseli za kila rangi, mikono ya kila namna. Mabango ya wizara yalikaa ukutani mwao mpaka yalipopakwa rangi, yakiwaonyesha petali tano sawasawa, na hakuna hata mtoto mmoja aliyechora hivyo. Wote waliiacha ya tano fupi. Wengi walichora mshale mdogo wakaandika: *hapa ndipo nyuki hutua.*

Nilichukua muhuri wa HAKIPO nikaugonga kwenye karatasi ya kwanza. Haukutoa kitu. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka. Nikaandika barua ya kuomba wino, na bohari ikanijibu kwamba wino upo, ikiambatisha nakala ya daftari lenye muhuri wangu. Mimi ni nani nibishane na muhuri wangu? Nikazirudisha karatasi kwenye magunia kama zilivyokuja. Kwa kanuni, karatasi isiyogongwa haiwezi kupewa sifuri. Husahihishwa kama nyingine. Bwana Ngwali alipita, akatazama magunia, akatazama kidau, akaniambia nisisahau kufunga mlango.

Moja sikuirudisha. Niliikunja nikaiweka ndani ya kofia yangu.

Nyumbani nilimkuta amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Nilivua kofia, nikaifungua ile karatasi, nikaiweka juu ya ungo, juu ya mchele wake. Akapangusa mikono kwenye kanga. Akaanza kuhesabu petali kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye ya tano kidole kilifika inapoishia kikasimama, kikabaki hapo.

"Huyu ni wa wapi?"

"Magharibi huko. Simjui. Wako elfu mbili mia tatu na kumi na sita."

"Wote wameiacha fupi?"

"Wote."

Punje ya mchele ilikuwa imenata kwenye karatasi, akaibandua polepole.

"Baba Zuwena," akasema, "pa kutua wamepaacha."

Niliinuka nikafunga dirisha, maana dirisha letu linatazama barabarani na sheria ni sheria. Kisha nikarudi nikakaa mkekani karibu naye, nikamwomba aniite tena.